Hararati ya Banda na Jicho la Kamera

Wafugaji wa kuku wa Kangemi, Mountain View, Loresho na vitongoji vyote vya Westlands, saa hii, kama nijuavyo desturi yenu, mmekwisha kufunga mabanda na sasa mwapanga mayai ya leo kwenye trei. Mazungumzo yangu ya jioni hii ni juu ya jambo ambalo kila mfugaji hulisema na wachache hulipima, nalo ni joto la banda la kuku, na jinsi kamera za kupiga picha za joto zinavyoweza kutwambia kama ndege wetu wamestarehe au wamo katika adhabu.

Najua tayari yuko msikilizaji anayecheka na kumwuliza jirani yake: joto gani hilo, hapa Nairobi? Mji wetu umekaa juu, kiasi cha mita 1,700 na ushei kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Julai twavaa makoti hata mchana. Hari iko Mombasa. Neno hilo lina ukweli wake, nami silikanushi. Walakini ndilo neno linalowaponza kuku wengi wa mji huu, kwa sababu kuku haishi katika Nairobi inayotangazwa redioni, ile inayopimwa na watabiri wa hali ya hewa kule Dagoretti Corner, kivulini, ndani ya kisanduku cheupe kinachopitisha upepo. Kuku anaishi chini ya bati. Bati hilo likipigwa na jua la Februari, saa sita hadi saa tisa, huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi, na joto lake lote humshukia kiumbe aliye chini yake, hata kama wewe mwenye banda, uliyesimama nje penye upepo, waona mchana ni mzuri wala hauna neno.

Tuanze na kuku mwenyewe. Je, msikilizaji, umewahi kumwona kuku akitoka jasho? Hujamwona, wala hutamwona, kwa kuwa Mola hakumpa tezi za jasho kama alizotupa sisi. Mwili wake, akiwa mzima wa afya, una joto la nyuzi 41 hivi, kiwango ambacho kwa mwanadamu ni homa ya kumkimbiza hospitali, na juu ya mwili huo amevikwa joho la manyoya ambalo havuliwi, liwe jua, iwe mvua. Njia zake za kutoa hararati ni chache. Iko ile ya sehemu zisizo na manyoya, yaani kilemba chekundu cha kichwani, ndevu za nyama zinazoning'inia chini ya mdomo, uso, na miguu, ambako damu hupita karibu na ngozi ikaacha joto lake hewani; na iko ile ya dharura, ambayo ni kutweta, kufumbua mdomo na kuhema upesi upesi ili unyevu wa kooni na mapafuni ugeuke mvuke, uondoke na joto.

Kutweta huko kuna gharama, na hapo ndipo mfugaji wa mayai anapopata hasara asijue imeingilia mlango gani. Kuku anayetweta kutwa nzima hupoteza, pamoja na pumzi zake, ile hewa ya kaboni dayoksaidi iliyomo katika damu, ambayo ndiyo mwili wake huitegemea katika kutengeneza ganda la yai. Basi mayai hutoka na maganda membamba, yakapasuka kwenye trei kabla ya kufika dukani, naye mfugaji hulaumu chakula, akarudi agroveti kununua chokaa zaidi, ilhali ugonjwa uko juu ya paa. Tena ikiwa hewa yenyewe imekwisha kushiba maji, kutweta hakufai kitu, na ndiyo sababu nyuzi 30 za Mombasa humwumiza kuku kuliko nyuzi 30 kavu za Nairobi. Wala si ajabu kwamba miongoni mwa kuku wa kienyeji wa nchi za joto yumo yule wa shingo wazi, aitwaye kishingo, ambaye watu sokoni humcheka kwa sura yake, na kumbe shingo lile tupu, likitazamwa kwa kamera ya joto, huwaka lote kwa jinsi linavyotoa hararati ambayo mwenzake mwenye manyoya kamili amefungiwa nayo mwilini.

Sasa tuje kwenye hiyo kamera. Kila kitu chenye joto, kiwe kuku, kiwe jiwe, kiwe sufuria, hutoa mionzi ambayo macho yetu hayakuumbiwa kuiona. Aliyeigundua ni William Herschel, huko Uingereza mwaka 1800, mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa muziki kabla hajawa mtazama nyota mashuhuri. Aliupasua mwanga wa jua kwa kipande cha kioo akapata rangi zake, akaweka vipimajoto katika rangi hizo, kisha akaweka kimoja kando ya rangi nyekundu, mahali pasipokuwa na mwanga wowote wa kuonekana, nacho ndicho kilichopanda kupita vyote. Kamera ya joto hukusanya mionzi hiyo ya Herschel, ikaigeuza picha. Wala si kitu kigeni kwetu. Mwaka 2016 tulisikia habari za askari wa wanyamapori wa Maasai Mara, waliopewa kamera za namna hiyo kwa msaada wa shirika la WWF, wakawa wanawaona majangili katika giza la usiku wa manane. Na mwaka 2020, wakati wa korona, nani kati yetu aliyeingia dukani hapa Westlands bila ya kuelekezewa kile kipimajoto cha paji la uso mlangoni? Kile nacho ni cha ukoo huohuo, ila chenyewe husoma mahali pamoja tu, hali kamera husoma maelfu ya mahali kwa mara moja.

Hebu basi twende pamoja mpaka banda moja, mfano wa mabanda mengi ya Kangemi, kando ya Waiyaki Way. Liko nyuma ya ploti, limebanwa kati ya nyumba mbili za ghorofa. Kuta zake ni mbao za kuokoteza na vipande vya mabati. Paa lake ni la chini, hata mtu mzima huingia ameinama. Na upande mmoja una dirisha la wavu, ambalo kwa bahati mbaya latazamana na ukuta wa mawe wa jirani. Ni saa saba mchana, mwezi wa Februari. Mama mwenye banda anasema kuku wake wana kiburi: amewawekea viota vizuri vya mbao pale pembeni, nao wavikataa, wataga sakafuni, mayai yakachafuka.

Tuielekeze kamera ndani, bila ya kusema neno. Kitu cha kwanza kinachoonekana ni kwamba mwili wa kuku karibu wote ni wa giza, kwa sababu manyoya yazuia joto lisitoke, yakaonyesha joto linalokaribiana na la hewa tu. Kinachong'aa ni kichwa, na hasa pembezoni mwa jicho, kilemba, na vijiti viwili vya miguu. Kitu cha pili ni mahali walipo: katikati ya banda pako tupu, nao wamejipanga kandokando ya wavu, mabawa yameachana na ubavu, midomo wazi. Na kitu cha tatu ni ile pembe ya viota. Pembe ile, ambako paa limeshuka chini kabisa, ndiyo yenye moto kuliko pembe zote za banda, na mbao za juu za viota zina joto la kumshinda kuku kukaa muda wa kutaga. Basi kuku hawana kiburi. Wamekataa kutaga ndani ya tanuri.

Ninarudia jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa ndilo ninalotaka mlichukue usiku huu: katika ufugaji wetu mdogo wa mjini, mgonjwa wa kwanza wa kupigwa picha ya joto si kuku, ni paa. Vitabu vingi vya wataalamu huanza na ndege, vikatafuta kiwango cha jicho na kilemba, na hiyo ni elimu yenye thamani. Lakini kilemba cha kuku kikikwambia kuwa kina joto, utafanya nini? Hutakipepea. Paa likikwambia, utajua la kufanya.

Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri zaidi, maana kamera hii hudanganya, na hudanganya kwa namna ambayo mtu asiyeambiwa hawezi kuikisia. Ielekeze kwenye bati jipya, linalometameta, lililotoka dukani juzi. Kamera itakuonyesha bati hilo ni la baridi, pengine baridi kuliko kuku, nawe ukilishika kwa mkono utaruka. Sababu ni kwamba bati jipya hutoa mionzi yake kidogo mno, na badala yake huirudisha ile inayotoka sakafuni, kwa hiyo kamera inaisoma sakafu na kudhani imesoma paa. Dawa yake ni rahisi: bandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme juu ya bati, ngoja dakika chache utepe upate joto la bati, kisha usome utepe. Bati lililopata kutu, au lililopakwa rangi, husema kweli bila ya kulazimishwa.

Rangi nazo ni mtihani. Wengi wakiona nyekundu hushtuka, wakiona samawati hutulia, na kumbe kamera haioni rangi yoyote. Rangi hizo imezipaka yenyewe ili tufahamu, tena kamera nyingi huzigawa upya kila picha, kilicho moto kuliko vingine kikapewa nyekundu hata kama chakizidi kingine kwa nyuzi mbili tu. Basi usiamini rangi, tazama tarakimu. Usimpige picha kuku aliyelowa, kwa kuwa maji yanayokauka humfanya aonekane wa baridi; wala aliyetoka juani sasa hivi, maana manyoya meusi hunywa jua yakaonyesha joto ambalo si la mwili wake.

Wala usimkimbize. Hili nalo lina kisa chake. Katika Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, mwaka 2011, watafiti walichapisha habari za kuku mama waliotazamwa kwa kamera ya joto huku vifaranga wao wakipulizwa na hewa ya kuwasumbua kidogo, wala si ya kuwadhuru. Na walipoona watoto wanaudhika, moyo wa mama ulipiga mbio na joto la jicho lake likashuka. Hofu huivuta damu kutoka kwenye ngozi, ikaacha kichwa kikiwa na baridi kuliko kawaida. Kwa hiyo yule kijana anayeingia bandani kwa vishindo, akamfukuza kuku mpaka pembeni, akamshika mbawa ili ampige picha vizuri, ataleta picha ya kuku mwenye kichwa cha baridi, mfugaji akafurahi kuwa banda lake halina joto! Simama, kaa kimya, waache wakuzoee, kisha ndipo upige.

Tumekwisha kuliona paa, tulifanyeje? La kwanza na la bei nafuu ni kulipaka upande wa juu chokaa nyeupe, ambayo huurudisha mwanga wa jua kabla haujageuka joto, ingawa itakubidi uipake tena baada ya masika kwa kuwa mvua huiondoa. La pili ni kuweka dari chini ya bati, iwe ya mikeka ya mafunjo, iwe ya magunia yaliyokunjuliwa, na kuacha nafasi ya hewa kupita kati ya dari na bati. Makatoni siyapendi, ingawa nayaona kila mahali, kwa sababu utitiri hujificha ndani yake na cheche moja ya jiko yatosha kuyawasha. La tatu ni kuliinua paa, kwa anayeweza, na anayejenga upya alilaze banda lake kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ubavu mfupi. Najua, msikilizaji wa Kangemi, kwamba ploti yako haikukupa hiari hiyo. Ukuta wa jirani hauhamishiki. Basi hamisha viota. Yule mama wa mfano wetu hahitaji fedha yoyote kuvitoa pembeni na kuviweka upande wa wavu.

Tena chakula. Kusaga chakula tumboni kwenyewe huzaa joto, na joto hilo hufika saa kadhaa baada ya kula. Kwa hiyo kuku aliyeshiba saa nne asubuhi huongezewa moto wa ndani wakati uleule ambao bati linamwongezea wa nje, na kuku wa nyama, waliokaribia kuuzwa, wenye mwili mzito, ndio wanaoanguka kwanza. Katika miezi ya joto, yaani Januari hadi Machi, walishe alfajiri na jioni, na mchana wape maji mengi ya baridi, vyombo vikiwa kivulini. Maji yaliyokaa kwenye chombo cha plastiki juani, hata mimi nisingeyanywa.

Nimesema mengi juu ya hari, je, Julai? Hapa kwetu kamera hiyohiyo huwa na kazi ya pili, na pengine ndiyo kubwa zaidi kwa wanunuzi wa vifaranga. Kifaranga wa siku moja ahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguziwa nyuzi 3 hivi kila juma, kwa kuwa bado hajaota manyoya ya kumhifadhi. Piga picha ya bruda yako, yaani chumba cha kulelea vifaranga, alfajiri, kabla ya kucha, nawe utauona ule ulimi wa baridi uingiao chini ya mlango ukatandaa juu ya maranda mpaka katikati ya vifaranga, kitu ambacho mkono wako, ulio juu futi tatu, haukipati kamwe. Vifaranga nao hukupa habari hiyohiyo bila ya kamera: wakirundikana chini ya moto wana baridi, wakikimbilia ukingoni wamezidiwa na joto, wakisongamana upande mmoja wanakimbia upepo, wakitawanyika sawasawa wamestarehe. Lakini sikiliza jambo hili moja: kamera haioni ile hewa ya sumu itokayo kwenye jiko la makaa. Itakuonyesha bruda yenye joto zuri kupita kiasi, wala haitakwambia kuwa umeziba kila tundu kwa magunia na vifaranga, pamoja na mtoto uliyemlaza humo kuwalinda, wanavuta kifo. Acha tundu juu, siku zote, hata Julai, wala usimlaze mtu humo.

Sasa swali mnaloniuliza kila mara: ni nani atainunua kamera? Rai yangu ni kwamba mfugaji mmoja mwenye banda moja asiinunue, kwa kuwa ataitumia mara chache katika mwaka, na siku nyingine itakaa kabatini. Ziko sasa kamera ndogo zinazochomekwa kwenye simu, na chama cha akina mama wafugaji kikiwa na moja, ikazunguka banda kwa banda mwezi wa Februari na mwezi wa Julai, itakuwa imefanya kazi yake. Au mwenye agroveti ainunue na kuikodisha. Kangemi imekaa ubavuni mwa Kabete, penye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, na tangu kaunti yetu ilipopitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, mfugaji wa mjini hana haja ya kujificha anapokwenda kuuliza jambo. Nendeni mkaulize.

Na asiyepata kamera? Kile kipimajoto cha korona kilichobaki mtotoni mwa meza hakitamfaa kwa paa, kwa sababu mara nyingi kimefungwa kisome joto la mwili wa mtu tu. Kile cha mafundi ndicho kinachosoma bati, mradi akisogeze karibu, kwani kadiri kinavyokuwa mbali ndivyo kinavyosoma duara pana zaidi. Na aliye na shilingi za kipimajoto cha kawaida cha ukutani, akitundike bandani leo hii, ila asikitundike usawa wa macho yake mwenyewe kama ninavyoona watu wakifanya. Akishushe mpaka usawa wa mgongo wa kuku, mbali na ukuta, akizungushie wavu wasikidonoe, na akisome saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri, aandike.

Wakati wangu umekwisha, na mwenzangu wa habari amekwisha kuingia. Juma lijalo, panapo majaaliwa, tutazungumza juu ya utitiri na namna ya kuutoa katika nyufa za mbao.